Swali la Kumi na Moja

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na daraja lenu linasogea kuelekea ng'ambo, si kuelekea chini. Mimi mzima. Paka wa Bibi mzima pia, amehamia juu ya jokofu na hataki mjadala. Kazini wamenipa nisome prufu za kitabu cha hesabu cha darasa la sita, nikagundua majibu yote ya nyuma yamepishana na maswali kwa ukurasa mmoja. Watu wanne walishapitisha kitabu hicho. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Unajua nilivyo.

Sasa kaa chini. Nimepata ile kazi ya uhariri! Naanza tarehe mosi Julai, na huko ni mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Kwa hiyo tulilolisema baada ya mazishi ya Bibi limeiva: tuuze nyumba. Dalali ameshabandika kibao getini. Bado sijazoea kukiona. Kila nikirudi jioni nadhani nimekosea nyumba.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kurasa zote hizi ni fomu. Wakili amenipa Fomu ya Maelezo ya Muuzaji, kurasa tisa, maswali ishirini na mawili. Sheria inamtaka mwenye nyumba aseme kila anachokijua kuhusu nyumba kabla mnunuzi hajatia saini. Si asichokijua, anachokijua. Akificha, mnunuzi anaweza kuja hata baada ya miaka na kuvunja mauzo yote. Paa limewahi kuvuja? Lini? Nani alijenga, kwa kibali gani? Mpaka uko wapi? Kuna ugomvi na jirani, wa sasa au wa zamani? Mjomba, nimeishi humu miaka ishirini na saba na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali mazuri namna hii! Nimezunguka na fomu chumba kwa chumba, kalamu sikioni. Kuhusu paa niliandika: "Ndiyo, tone moja, kila masika, upande wa kushoto wa mto wangu wa kulalia." Wakili akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akasema "Ndiyo" ingetosha.

Kila swali lina visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Swali la kumi, nyufa, nimelijaza: ufa wa jikoni, nyuma ya kabati kubwa la vyombo, uliletwa na mizizi ya mkuyu wa jirani, mkuyu ulikatwa nikiwa na miaka minne. Ndivyo nilivyosikia siku zote. Jirani huyo, Mama Fremu mtengeneza fremu za picha, hajavuka ua wetu tangu hapo, na mlango wake wa karakana ukifunguka mimi hujifanya natafuta funguo.

Yapo ninayohitaji kwako. La kumi na moja linasema hivi: "Je, chini ya jengo au uani kuna kisima, shimo au tangi lililofunikwa au kujazwa? Lilijazwa kwa kitu gani, na nani?" Bibi alisema zamani maji yalichotwa hapa hapa nyumbani. Jiko ulijenga wewe. Kisima kilikuwa wapi?

Bibi alituachia nyumba sisi wawili, kwa hiyo saini ziwe mbili, za wino. Ndiyo maana naandika. Na pia kwa sababu kila nikitaja jikoni kwenye simu, mtandao wa kwenu unakatika.

Mpwa wako

*

2 Machi

Bi Maswali,

Marahaba sana. Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. Goti linaniambia mvua siku mbili kabla ya redio. Mpishi mpya wa kambi anapika maharage kwa hasira, tunayala kwa woga. Msimamizi wetu amepata mtoto wa kike, tukamchangia blanketi. Nguzo ya nne ya daraja imesimama, na jana nilipanda juu yake kukagua, nikaona mto wote chini kama utepe. Nikamkumbuka marehemu mama yako, alikuwa akiogopa hata ngazi ya kupakia rangi.

Hongera ya kazi. Hongera kubwa. Nilimsomea msimamizi barua yako, ile sehemu ya kitabu cha hesabu. Akauliza kama unaweza kuja kukagua michoro yetu.

Majibu yako ni haya. Mabati nilibadilisha mimi. Jiko nilijenga mimi, kibali kimo kwenye bahasha ya kaki, sanduku la Bibi. Ugomvi na jirani ulikuwa wa mti, na mti haupo, kwa hiyo na ugomvi haupo. La kumi na moja weka Sijui.

Saini yangu iko mwisho wa fomu. Usichelewe kuuza. Wanunuzi wazuri hawasubiri.

Mjomba wako

*

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Fomu imefika, asante. Paka mzima. Kitabu cha hesabu kimerudishwa mitamboni, na mkubwa wangu amenitambulisha kwa wageni kama "huyu ndiye aliyetuokoa." Nimevimba kichwa kwa siku tatu, sasa kimeanza kushuka.

Tumepata mnunuzi! Ni mwoka mikate. Mtaani wanamwita Bi Hamira. Mikono yake ina alama za moto kuanzia kiwiko hadi kifundo, mfululizo kama ngazi, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Anataka kuishi humu na kuoka humu humu. Aliingia jikoni, akasimama katikati, akafumba macho. Akasema, "Hapa. Tanuri langu litakaa hapa hapa." Tanuri la matofali, Mjomba! Tani mbili na ushee! Mabomba ya moshi yatoke dirishani! Nikawa naona mikate tayari, naisikia harufu, nikataka kumpa funguo pale pale.

Kisha akapiga sakafu kwa kisigino. Mara mbili.

"Hapa panaitika," akasema.

"Ni viatu vyako hivyo, Bi Hamira," dalali akadakia. "Nyumba hii ni mwamba mtupu."

"Mwamba hauitiki, kaka. Mimi nagonga mikate kila siku kujua kama imeiva ndani. Najua kitu kilichojaa na kitu chenye hewa."

Akageuka kwangu. Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza tu. Nikamwambia nitamletea jibu lililoandikwa.

Dalali akanivuta hadi getini. "Binti, una Sijui mkononi, iliyotiwa saini. Sijui haijawahi kumpeleka mtu mahakamani. Iache ilale."

Mjomba, nimeisoma Sijui yako mara nyingi. Kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa na kuona kilichorukwa. Barua yako ina ukurasa mzima wa salamu, na kwenye la kumi na moja maneno mawili tu. Mtu aliyejenga jiko kwa mikono yake, akapima kila kona, hajui kisima kilikuwa wapi? Siku ya mazishi ya Bibi ulinywa chai umesimama kwenye mlango wa jikoni. Ulisema viatu vina tope. Hakukuwa na mvua wiki ile.

Sikulaumu. Nauliza tu, kama nilivyouliza tangu nikiwa mdogo, na wewe ndiye uliyenipa jina kwa ajili hiyo.

Bi Hamira anasubiri hadi mwisho wa Aprili. Jumamosi vijana wawili watanisaidia kusogeza kabati la vyombo, apime ukuta. Lile kabati ambalo Bibi hakuruhusu liguswe hata siku ya kupaka rangi.

Mpwa wako anayekupenda

*

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wazima wote. Wiki ya tano hii bila barua yako.

Kabati nimelisogeza. Kuna kitu nyuma yake. Sitakuambia ni nini mpaka wewe uniambie kwanza ulicho nacho. Si ukorofi. Nataka kilichoko kwako kifike kwangu bila kusukumwa na kilichoko kwangu.

Ninachoweza kukuambia ni hiki: andika bila hofu. Nasema hivyo nikiwa najua.

Sijaipeleka fomu kwa wakili. Nikiipeleka na Sijui, mimi nitakuwa nimesema uongo, hata kama wewe hukusema. Na Bi Hamira atajenga tanuri lake.

Mpwa wako

*

22 Aprili

Mpwa wangu,

Goti zima, mpishi mzima. Basi, salamu zimetosha.

Mwambie huyo mama asiweke tanuri pale. Kama barua hii itachelewa, mpigie kelele barabarani, lakini asiweke. Nilipoisoma ile habari ya tani mbili nilikuwa juu ya nguzo, ikabidi nishuke nikae kwenye mifuko ya saruji. Tangu siku hiyo nimeanza barua sita. Hii ya saba naipeleka basi la saa nne bila kuisoma tena.

Kisima kipo. Kipo chini ya jikoni, hatua mbili kutoka dirishani, pale pale alipopiga kisigino.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama, bibi yako, aliniambia: kijaze mawe, ushindilie udongo tabaka kwa tabaka, kisha ndiyo ujenge. Nilijua kazi hiyo. Ingenichukua wiki mbili. Lakini mkandarasi alikuwa ananihitaji Jumatatu, kazi yangu ya kwanza kubwa, akisema nisipofika anachukua mwingine. Nikatupa kifusi chini, hakikufika hata nusu. Nikalaza mbao, juu yake mabati, juu yake zege. Siku nne. Ikang'aa kama sinia. Mama alifurahi, akaita watu waje waone.

Mbao zikaoza, kama mbao zinavyooza. Udongo wa kona ukateremkia kwenye lile pengo na ukuta ukapasuka. Nilikuja, nikautazama ufa, nikajua dakika ile ile. Watu walikuwa wamesimama, Mama katikati yao, ananitazama mimi fundi wake. Nikaangalia nje nikaona mkuyu wa jirani. Nikasema: mizizi.

Neno moja tu. Wakaukata mkuyu. Ulikuwa mkubwa, mama wa fremu alifanyia kazi kivulini pake kila siku. Nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa, kama mafundi tunavyofanya: ukuta ukisogea, kioo kinavunjika. Nikaandika tarehe. Sikurudi kukiangalia. Nilijua kitavunjika.

Tangu hapo nimejenga madaraja matano na sijaacha hata pengo la kidole. Lakini ile sakafu sikuweza kuikanyaga, na Mama amekufa akiamini ni mti.

Sasa unajua. Andika Ndiyo. Kama nyumba haitauzika kwa sababu yangu, na kazi yako ikaponyoka, sijui nitakulipa nini.

Mjomba wako

*

5 Mei

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Shikamoo mara kumi! Sijui nianzie wapi, paka ananitazama kama nina wazimu. Ngoja nipange.

Nyuma ya kabati kuna vioo vitano.

Si kimoja, vitano! Vimebandikwa juu ya ufa, kimoja juu ya kingine, kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua. Cha chini kabisa ni kinene, cha dirisha, na tarehe ni mwandiko wako, saba yako ina mkia. Kimevunjika katikati. Vilivyobaki vinne ni vyembamba sana. Na mwandiko si wako. Ni wa Bibi. Ile mbili yake iliyoinama kama mtu anayetafuta sindano, ningeijua hata gizani.

Soma hili polepole. Kioo cha kwanza cha Bibi kina tarehe ya miezi mitatu BAADA ya mkuyu kukatwa. Kimevunjika. Cha pili, miaka miwili baadaye, kimevunjika. Cha tatu, miaka mitatu tena, kimevunjika, lakini kwa mstari mwembamba kama unywele. Mti haukuwepo, na ukuta ulikuwa unaendelea kusogea. Mjomba, Bibi alijua! Alijua tangu cha kwanza. Alisimamisha kabati pale ili asione mtu mwingine.

Nikakaa chini sakafuni, pale pale juu ya kisima chako, nikawaza: mtu asiye fundi anatoa wapi vioo vyembamba hivi? Nani mtaa huu anakata kioo cha upana wa vidole viwili, kingo zimesuguliwa zisikate mkono?

Nikavuka ua. Miaka ishirini na saba sijawahi kuvuka ua ule. Mama Fremu alikuwa anapigilia picha ya harusi. Hakuinua kichwa.

"Umesogeza kabati," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Haya, kaa. Usikanyage vumbi la kioo."

Akaniambia yote. Kioo cha kwanza cha Bibi kilipovunjika, alikwenda kwake na kipande kilichobanduka, amekifunga kwenye kitambaa, akapiga magoti mlangoni. Alisema, "Mti wako haukuwa na kosa." Mama Fremu alimwacha pale mpaka alipomaliza fremu nzima. "Nilitaka nimfukuze," aliniambia. "Nikatafuta maneno makali, nikakuta nimeshamwambia anyanyuke." Kile cha kwanza kilitoka kwenye fremu kuukuu ya Bibi; tangu siku ile yeye ndiye alikuwa akikata vioo, na Bibi akibandika. Walikuwa wakikutana uani, upande wa matanki, wanakunywa chai na kucheka.

Nikamuuliza, "Lakini barabarani mlikuwa hamsalimiani! Nimeona kwa macho yangu!"

"Barabarani tulinuniana. Tulikuwa hodari sana. Siku nyingine bibi yako alikuwa akininunia vizuri mpaka nasahau, nakasirika kweli."

"Kwa nini, Mama?"

"Tungepatana mbele za watu, wangeuliza tumepataneje. Jibu lilikuwa jina la mjomba wako. Bibi yako alisema, mwanangu ni fundi, anaishi kwa jina lake, akilipoteza hana kazi nyingine. Alisema, atakuja mwenyewe aseme, mimi nitamsubiri." Akapuliza vumbi kwenye fremu. "Alisubiri sana."

Hapo nililia, Mjomba, sikufichi. Na sasa hivi nalia tena, lakini furaha iko juu, kwa sababu sijakuambia cha tano ukutani, cha mwisho cha Bibi.

Kioo cha tano kiliwekwa mwaka niliojiunga na sekondari. Miaka kumi na tatu iliyopita. Ni kizima. Hakina hata alama! Nimekiangalia kwa tochi, nimekiangalia kwa lenzi yangu ya kazini. Ukuta wako umesimama. Kilichotaka kuteremka kiliteremka kikakoma. Wewe umeogopa nyumba hii miaka yote, na yenyewe ilishatulia ikawa inakusubiri.

Niliyajua haya yote nilipokuandikia tarehe kumi na nne, na barua ile niliiandika nikiwa nimeng'ata ulimi. Nilitaka useme kwanza, kama Bibi alivyotaka. Ulipoandika "Mama amekufa akiamini ni mti", nilisimama nikapiga ukuta kwa kiganja.

Nilimwonyesha Bi Hamira kila kitu: barua yako, vioo, Ndiyo yangu. Siku ya mwisho kabisa ya Aprili. Dalali alikaa kwenye ngazi akijipepea, anasema nimemzika. Bi Hamira alisoma barua yako mara mbili. Akaenda kukigusa kioo cha tano kwa ncha ya kidole. Kisha akasema:

"Nyumba nyingine tatu nimeziona mwezi huu. Zote zimeandikwa Sijui, Sijui, Sijui, kuanzia paa hadi choo. Hii ndiyo ya kwanza ambayo najua ina nini chini."

Ananunua! Ana masharti mawili. La kwanza, sakafu ifumuliwe na kisima kijazwe ipasavyo, kabla ya tarehe ya saini, ishirini na sita Juni. La pili, vioo visibanduliwe, na kisima kikiisha kujazwa kiwekwe kioo cha sita, ili aone kwa macho yake.

Wakili anasema mimi na wewe tutie alama upya kwenye swali la kumi, la kumi na moja na la kumi na nne, lile la ugomvi na jirani, na wewe uandike kwa mkono wako. Nimekuwekea fomu humu. Bi Hamira anauliza kama ninamjua fundi wa kisima. Nimemwambia nitauliza.

Mama Fremu ameshakata kioo. Amekisugua kingo. Nikamwomba aandike tarehe, akakataa. Anasema tarehe huandikwa na fundi.

Mpwa wako

*

19 Mei

Bi Maswali,

Leo sina salamu. Nitazileta mwenyewe.

Nimeomba ruhusa ya wiki sita. Msimamizi aliuliza ni msiba au ni harusi, nikamwambia ni kazi niliyoiacha nusu. Akanipa kishindilio kipya cha kambi, na mpishi amenifungia chakula cha njiani bila hasira.

Agiza mawe magumu, si kifusi. Mwambie Bi Hamira zege nitalimwaga mapema, na tanuri lisubiri siku ishirini na nane kamili, asinipunguzie hata moja. Mwambie jirani nitapita kwake kwanza, kabla sijafungua mfuko wa vyombo vyangu vya kazi. Kama atataka nikae mlangoni mpaka amalize fremu, nitakaa. Nimebeba mche wa mkuyu kwenye kopo. Akiukataa nitaelewa.

Fomu imo humu. Kwenye kumi na moja nimekata Sijui, nimetia alama Ndiyo, na penye kuulizwa kwa kitu gani na nani nimeandika yote, nafasi haikutosha nikaendelea pembeni. Wewe utaona kama nimeruka kitu.

Nafika Alhamisi ya wiki ijayo. Mlango wa mbele waachie wageni. Nifungulie wa jikoni.

Mjomba wako